Dispara: neno moja, nafsi mbili

Katika hadithi ninayoiandika, watu 14 wanakufa kwa neno moja la Kihispania. Neno lenyewe ni dispara. Tukio hilo nimeliandika mara tatu, na mara mbili za mwanzo nilikuta nimemhukumu mtu asiyestahili. Nalichambua hapa kwa sababu linagusa jambo linalonikera siku nyingi katika hadithi za vita vya angani: Kihispania huletwa kama kiungo cha mchuzi. Askari mwenye jina la ukoo la Kihispania anatukana neno moja, anamwita mwenzake hermano, yaani ndugu, kisha shughuli zote za maana zinaendelea kwa Kiingereza. Hii ni lugha yenye wazungumzaji wa kuzaliwa karibu milioni 500. Ni lugha rasmi ya nchi 20, Guinea ya Ikweta ikiwa mojawapo, na ndani ya Marekani penyewe watu zaidi ya milioni 40 huizungumza nyumbani kwao. Hapa duniani majeshi mengi yanaamrishwa kwa lugha hiyo kila siku. Sioni kwa nini angani iwe ya matusi tu.

Tukio liko hivi. Chombo cha doria cha kikosi cha pamoja cha nchi zinazozungumza Kihispania kimejibanza nyuma ya Phobos, ule mwezi wa Mirihi unaopita kilomita zipatazo 6,000 tu juu ya uso wa sayari na kumaliza mzunguko kwa saa 7 na dakika 39. Kuna makubaliano ya kusitisha mapigano. Mbele yao inaelea meli ya mizigo ya upande wa pili, na karibu na meli hiyo kuna kontena lililokatika na kuanza kupotea. Hakuna wa kumuuliza ushauri. Ishara ya redio kutoka Mirihi hadi Dunia huchukua kati ya dakika 3 na 22 kutegemea sayari hizo mbili zimekaaje, na hiyo ni kwenda tu, bado kurudi. Kitakachoamuliwa kitaamuliwa na watu wanne waliomo chumbani.

Nahodha ametoka Bogotá. Mwangalizi wa rada ametoka Jiji la Meksiko. Fundi wa injini ni wa Buenos Aires. Anayeshika kitufe cha makombora ni dada mmoja wa Madrid. Zamu imeingia saa ya sita, na muda wote huo mwangalizi na yule dada wamekuwa wakiongea kwa sauti ya chini kwenye chaneli ileile ya amri, mazungumzo ya watu waliozoeana: nani amelala vibaya, nani ameandikiwa barua. Wanaitana tú, ile "wewe" ya watu waliozoeana. Ghafla mwangalizi anaona cheche ubavuni mwa meli ya mizigo. Anaitambua papo hapo: wamerusha chusa chenye kamba ili walivute lile kontena. Anatoa taarifa: "Dispara el arpón." Yaani, anafyatua chusa. Mkwaruzo wa redio unakula maneno mawili ya mwisho. Kwenye kofia ya yule dada linafika neno moja, naye anabonyeza.

Mwandiko wa kwanza niliumaliza kwa bodi ya uchunguzi kumtia hatiani mwangalizi. Hoja yangu ilikuwa ya sarufi, na bado naipenda. Msomaji wa Kiswahili atauliza kosa kama hili linawezekanaje, maana kwetu kitenzi hakitoki nyumbani peke yake. "Fyatua" ni amri, "anafyatua" ni taarifa, na kiambishi cha mwanzo kinamtaja mtendaji hata kama sikio moja limeziba. Kihispania huibeba nafsi mwishoni mwa kitenzi, kisha kiima hakisemwi pasipo sababu. Sasa, kwa vitenzi vingi, umbo la nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo ni lilelile la amri unayompa mtu unayemwita tú. Abre: anafungua, au fungua. Corta: anakata, au kata. Dispara: anafyatua, au fyatua. Barabarani hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu sauti hupanda na kushuka, macho hutazama, mkono huonyesha. Redio ya kofia ya chuma husawazisha sauti, huondoa uso na mkono, na hubakiza herufi.

Hapo nilikutana na tatizo la uandishi ambalo sikulitarajia. Kihispania kina alama ya mshangao iliyopinduliwa, inayokaa mwanzoni mwa sentensi, hivyo msomaji hujua kabla ya neno la kwanza kwamba kinachokuja ni kelele au amri. Nikiandika ¡Dispara! nimeshasema ni amri. Nikiandika Dispara na nukta, nimeshasema ni taarifa. Karatasi inamlazimisha mwandishi aamue jambo ambalo sikio la yule dada halikuamuliwa. Mwishowe neno hilo nililiweka kama lilivyoandikwa na mashine ya kumbukumbu ya chombo, herufi kubwa tupu, bila alama yoyote: DISPARA. Msomaji na askari sasa wako sawa, wote wawili hawajui. Katika mandiko yote matatu, mstari huo ndio pekee ambao sijawahi kuugusa tena.

Lakini kumhukumu mwangalizi kwa sarufi ya lugha yake ni sawa na kumfunga mtu kwa sababu ya kabila lake. Nilipoangalia vizuri nikaona kwamba neno lile lina utata kwa baadhi ya watu wa chumbani tu. Kihispania si kimoja, na hapa ndipo panapofaa kukaa kidogo.

Sisi heshima tunaiweka kwenye mwito: afande, mkuu, mzee. Kitenzi hakibadiliki, unamwambia afande "umefika" na rafiki yako "umefika". Kihispania huingiza heshima ndani ya kitenzi. Kwa mtu unayemwita usted, amri ni dispare, na dispare ikisimama peke yake haiwezi kusikika kama taarifa ya anayefyatua. Kwa Mwargentina, ambaye humwita mwenzake vos, amri ni dispará, mkazo ukianguka mwishoni kabisa. Yeye akisikia dispara yenye mkazo katikati, kwake hiyo ni habari ya mtu wa tatu, basi. Kwa maana nyingine, kama kitufe kingekuwa mkononi mwa fundi wa Buenos Aires, watu 14 wangekuwa hai. Nahodha naye ni mtu wa Bogotá, mji ambao watu wake huweza kuitana usted hata wakiwa ndugu wa tumbo moja au mke na mume, bila ubaridi wowote. Amri yake ingetoka kama dispare bila hata kufikiri. Utata ulikuwa kati ya watu wawili tu, wa Meksiko na wa Madrid, kwa sababu wote wawili huambiana tú.

Mchanganyiko kama huo mimi sikuubuni. Mwaka 2003 Hispania ilipeleka Iraki brigedi iliyoitwa Plus Ultra, ambayo Wahispania walitumikia pamoja na askari wa Honduras, El Salvador, Nicaragua na Jamhuri ya Dominika, chini ya divisheni iliyoongozwa na Poland. Tazama nchi hizo kwa sikio la lugha. Honduras, El Salvador na Nicaragua ni nchi za vos. Wadominika ni watu wa tú. Wahispania, wakiongea na kundi la marafiki, husema vosotros na kuamuru disparad, ilhali ng'ambo yote ya Atlantiki kundi lolote la watu huitwa ustedes na amri ni disparen. Mifumo mitatu ya kumwita mwenzako katika brigedi moja, na wote wanasema lugha moja. Anayeandika kikosi cha angani cha Kihispania bila kujiuliza jambo hili anaandika Kihispania cha kwenye kamusi.

Basi mwandiko wa pili nikauelekeza kwa yule dada wa Madrid. Bodi ikasema: mafunzo yapo, kwa nini hukuyafuata? Na bodi ilikuwa na hoja nzito. Majeshi ya Kihispania hayaamrishi kupiga kwa kitenzi chenye utata. Amri ya jadi ni nomino: ¡Fuego! Maana yake ni moto. Nomino haina nafsi, haina heshima, haina tú wala vos. Mtu wa Lima na mtu wa Sevilla wanaisikia vilevile. Kusitisha ni alto el fuego. Nami nilipojifunza hilo nilisikia raha ya kweli, kwa sababu nilidhani nimegundua tatizo jipya kumbe kuna watu waliolipa jibu karne nyingi zilizopita bila kuandika insha.

Ila jibu hilo nalo lina mkia. Fuego ni moto wa kupiga na pia ni moto wa kuunguza. Ndani ya chombo chenye hewa ya oksijeni, moto wa kuunguza ni jambo la kutangazwa kwa sauti kubwa kuliko lolote. Kwa hiyo katika kikosi changu anayetangaza chombo kinawaka husema incendio, na fuego huachiwa wapiga mizinga. Wapiga mizinga wa Kiingereza wana ulinzi wa aina hiyohiyo: redioni hawamwambii mtu "rudia" wanapokuwa hawakusikia, kwa sababu neno hilo kwao ni amri ya kupiga tena palepale. Lugha ya vita hujengwa hivyo, kwa kukataza. Kila neno lililokatazwa lina sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo ni ya huzuni.

Nikaendelea kukataza na mimi. Sesenta na setenta, yaani 60 na 70, zinatofautiana kwa konsonanti moja. Kikosi changu kinasema tarakimu mojamoja, seis cero, siete cero. Neno caza, ndege ya kivita na pia uwindaji, linamchanganya kila mtu isipokuwa dada wa Madrid, kwa sababu Amerika yote ya Kihispania na sehemu kubwa ya Andalusia hulitamka sawasawa na casa, nyumbani. "Salimos de caza" tunatoka kuwinda. "Salimos de casa" tunatoka nyumbani. Yeye peke yake ndiye anayesikia maneno mawili hapo. Kikosi kikalifuta caza kwenye redio, na hivyo yeye akaambiwa, kwa upole wa kijeshi, kwamba sikio lake halihitajiki.

Hapa ndipo swali la nani anaacha chake linapoingia, na sitaki kulipita kwa haraka. Mwaka 1492, akimkabidhi Malkia Isabel sarufi ya Kikastilia, yaani Kihispania, Antonio de Nebrija aliandika kwamba lugha siku zote imekuwa mwenzi wa himaya. Watu hupenda kuyanukuu maneno hayo kama majivuno. Mimi nayasoma kama onyo kwa yeyote anayetunga jeshi la baadaye, kwa sababu jeshi halichagui lugha kwa uzuri wake, huchagua ya mwenye bajeti. Mzungumzaji wa kwanza wa Kihispania kufika angani alikuwa askari, rubani wa kivita wa Kuba, Arnaldo Tamayo Méndez, aliyerushwa tarehe 18 Septemba 1980 kwa chombo cha Kisovieti Soyuz 38. Alikuwa pia mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuingia angani. Kazi ilikuwa ya Kirusi: chombo cha Kirusi, kamanda wa Kirusi, mafunzo ya Kirusi. Kihispania kiliingia angani kikiwa abiria. Nilipokigeuza kuwa nahodha katika hadithi yangu nilitaka kuona kama na chenyewe kingewafanyia wengine lilelile, na jibu ni ndiyo, kingefanya, tena kingeanza na wasemaji wake wenyewe.

Nilijaribu njia ya tatu. Mwaka 1975, Apollo ya Marekani ilipounganishwa na Soyuz, wafanyakazi wa pande mbili walikubaliana kwamba kila mmoja azungumze lugha ya mwenzake: Mmarekani aseme Kirusi, Mrusi aseme Kiingereza. Anayesema lugha ya ugenini hupunguza mwendo, huchagua maneno rahisi, na msikilizaji hupokea lugha anayoielewa zaidi. Ni busara kubwa. Nikamfanya nahodha wa Bogotá ampe fundi amri kwa vos na dada wa Madrid kwa tú. Ikaniangukia. Apollo na Soyuz zilikuwa lugha mbili zilizo mbali, na kila mtu alijua wazi anavuka mpaka. Ndani ya lugha moja mpaka hauonekani. Mtu anauvuka akidhani bado yuko kwao. Nikazifuta kurasa hizo zote.

Bado nilibaki na swali la bodi: mafunzo yapo, kwa nini dada yule hakungoja fuego? Ukweli ni kwamba askari aliyefunzwa vizuri angengoja. Kama hakungoja, basi kuna kitu kilichokuwa kimeshaondoa mafunzo chumbani kabla cheche haijaonekana. Jibu lilikuwa kwenye mandiko yangu yote tangu siku ya kwanza, nami nililiweka pale kama pambo: zile saa sita za mazungumzo. Watu wawili wameongea kirafiki kwenye chaneli ya amri kutwa nzima. Sikio limezoea kwamba sauti hii husema nami kama mwenzangu, kwa tú, kwa sentensi za nusunusu. Sauti hiyohiyo inaposema dispara, haifiki kama ripoti ya kituo cha rada kwenda kwa nahodha. Inafika kama rafiki anayekushika bega.

Kisa kilichonifumbua macho si cha kubuni. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, safari namba 52 kutoka Kolombia, ilianguka Cove Neck karibu na New York baada ya kuzungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua. Mafuta yaliisha. Kati ya watu 158, walikufa 73. Chumbani rubani na msaidizi wake walizungumza Kihispania, na rubani alimwambia msaidizi awaeleze wa chini kwamba wako katika dharura. Msaidizi aliwaambia kwa Kiingereza kwamba mafuta yanaisha, na awali alikuwa ametaja kuhitaji kipaumbele. Neno lenyewe la dharura, ambalo mwongoza ndege amefunzwa kuliitikia, halikutoka. Rubani aliuliza kama ameshawaambia, na akajibiwa kuwa ndiyo.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nasimama kwenye lile "ndiyo". Msaidizi hakudanganya. Alikuwa amesema jambo la kweli, tena la kutisha, kwa maneno ambayo kwake yalitosha. Watu wawili walielewana kikamilifu kwa lugha yao, na kuelewana huko ndiko kulikoficha kwamba mtu wa tatu hajaambiwa. Katika chumba changu nyuma ya Phobos mambo yamepinduka: mtu wa tatu ni nahodha. Ripoti ilikuwa yake. Ilipita mbele yake ikaenda kwa rafiki, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeiacha chaneli wazi kwa saa sita, akiona kwamba wasipoongea watasinzia. Uamuzi huo ulikuwa wa huruma, na ndio uliowaua wale 14.

Katika mwandiko wa tatu bodi inamwita nahodha. Sikumpa hotuba. Anaulizwa kwa nini aliruhusu mazungumzo, naye anajibu kwa usted, kwa ile adabu ya Bogotá ambayo kwa mtu wa Madrid inasikika kama ubaridi, na kwa sababu hiyo mwanabodi wa Madrid anamwona hana majuto. Jambo hilo nimeliacha bila kulifafanua. Msomaji anayejua Kihispania ataliona. Asiyejua ataona tu mtu anayeongea taratibu na mwingine anayekunja uso.

Kilichobadilika zaidi ni sekunde zenyewe. Zamani neno lilifika, kidole kikabonyeza, sura ikaisha. Sasa kumbukumbu ya chombo inaendelea mistari minne, kwa herufi zilezile tupu:

DISPARA
QUIÉN
ELLOS
QUIÉN

Nani. Wao. Nani. "Nani" ya kwanza ni ya dada wa Madrid, na saa ya chombo inaonyesha kwamba aliisema sekunde moja baada ya kombora kutoka. "Wao" ni ya mwangalizi, anayedhani anajibu swali kuhusu chusa. "Nani" ya mwisho ni ya nahodha, na hakuna aliyemjibu.